Mapato ya dagaa hupanda na kushuka: kaya ijipange vipi?

Mwana_Sahare
Wakuu, tuchukue kaya ya hapa Tanga mjini inayoishi kwa uvuvi wa dagaa. Giza zuri (siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa kwa taa) linaleta shilingi 600,000. Kusi (upepo wa msimu kutoka kusini) likishika, miezi miwili mfululizo ni 150,000 tu. Matumizi ni 300,000 kwa mwezi. Ukipiga wastani, hesabu inatosha kabisa. Mbona basi kaya hizi haziishiwi madeni?

Karani_Chumbageni
Kwa sababu tumbo halili wastani. Ile 600,000 ikiisha yote, kila mwezi wa kusi utakopa 150,000. Kwa kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa, wa asilimia 20 kwa mwezi, mkopo wa kwanza utakaa miezi miwili (riba 60,000), wa pili mmoja (30,000). Mwezi wa nne zikiingia tena 600,000, unalipa 390,000, zinabaki 210,000. Yaani hata mwezi mzuri umeshapungukiwa!

Siku ya mgao wa mapato ya chombo, kabla hujapita dukani, tenga 300,000 mafungu mawili, moja kwa kila mwezi wa kusi. Unaweza kununua mapema mkaa wa gunia, maana wa kopo ni ghali zaidi. Mahindi pia, ila yakauke na yakae kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo yanaliwa na mdudu dumuzi. Umeme usijaze wa miezi mitatu kwa mkupuo: mteja mdogo hununua uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, zikizidi hapo ni 350.

Bi_Mwambani
Naongeza kwenye kutenga. Kikoba chenye wanachama wa dagaa watupu hakiwafai. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti dagaa, na kusi halichagui chombo. Wote wanataka mkopo wiki ile ile na hakuna wa kuleta hisa. Changanyeni na fundi cherehani, mama lishe, kibarua wa mkonge.

Halafu tazameni sahani. Ugali haupunguzwi, kinachoondoka kwanza ni maharage, mafuta na matunda. Mtoto wa chini ya miaka miwili anashiba lakini hakui, na mzazi hashtuki.

Duka_la_Kona
Na dukani je? Mtaji wa 2,000,000, daftari la madeni limeshika 800,000. Kwa muuza jumla naenda na 1,200,000, nachukua kidogo kidogo, bei ya kila kipande inapanda, na mwenye fedha taslimu naye anailipa. Kibarua wa mkonge hata akipata kidogo namkopesha bila wasiwasi, tarehe yake ya mshahara inajulikana. Wa dagaa sijui atalipa giza lipi.

Mwana_Sahare
Nimeelewa. Ila tajiri wa chombo (mwenye chombo) hukata deni analomdai mvuvi pale pale mgaoni, kabla fedha haijamfikia. Hiyo 300,000 itatengwa saa ngapi?

Karani_Chumbageni
Kubalianeni mapema, kabla ya kusi, akate si zaidi ya robo ya deni kila giza. Iandikwe, kila mmoja abaki na nakala. Akikata lote kwa mpigo, mvuvi atarudi kwake kukopa wiki hiyo hiyo.