Kichujio gani ni salama kwa darubini ya kutazamia jua?

Mwalimu wa Wete:
Assalamu alaykum. Nasomesha sayansi katika skuli ya sekondari hapa Wete. Tumepata darubini ya lenzi yenye upana wa milimita 70, na ningependa wanafunzi waone madoa ya jua, kisha tujiandae kwa kupatwa kwa jua tarehe 2 Agosti 2027, ambako huku kwetu kutakuwa kwa sehemu tu. Sandukuni mna kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, yaani ile ya kuchungulia, na maelezo yanasema ni cha jua. Je, kinatosha? Ikiwa hakitoshi, kioo cha mafundi wa kuchomelea vyuma kinafaa?

Mkaazi wa Mkunazini:
Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Kioo hicho kivunje, asije mwengine akakitumia. Kasoro yake si weusi, bali ni mahali kinapokaa: lenzi ya milimita 70 hukusanya mwanga zaidi ya mara 1,000 kuliko mboni iliyosinyaa hadi milimita 2, na joto lote hilo hukifikia kioo hicho, ambacho kinaweza kupasuka ghafla mtoto akiwa anatazama. Retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, haihisi maumivu, kwa hiyo hatajua kwamba ameungua mpaka uoni uanze kuharibika.

Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wa darubini, kabla mwanga haujaingia. Tafuta karatasi maalumu ya jua, kama AstroSolar ya Baader, yenye densiti (kiwango cha kuzuia mwanga) 5, inayopitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga. Ipo pia ya densiti 3.8, hiyo ni ya kupigia picha, na jicho lisiwekwe hapo. Miwani ya kupatwa yenye kiwango cha ISO 12312-2 ni ya macho matupu. Ukiivaa na kuchungulia darubini isiyo na kichujio mbele, mwanga uliokusanywa utaitoboa. Kioo cha kuchomelea namba 14 nacho kinafaa kwa macho matupu, lakini kwenye darubini kitaivuruga sura ya jua.

Mvuvi wa Nungwi:
Naongeza la upepo, kwani Agosti ni msimu wa kusi. Kichujio kilichopachikwa kwa kubana tu kinaweza kung'oka, basi kifunge kwa utepe wa gundi pande zote. Kila kabla ya kutumia, kielekeze kwenye taa yenye nguvu: kikionesha hata tundu la ncha ya sindano, kitupe.

Mwalimu wa Wete:
Ahsanteni sana. Na kama karatasi hiyo haitafika kwa wakati?

Mkaazi wa Mkunazini:
Basi tupieni sura ya jua kwenye karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho, na kwa darasa zima mimi naipendelea njia hii, kwani wote huona pamoja. Lenzi ya jicho isiwe ya plastiki, kadarubini ka kulengea kafunikwe, na mtu mzima asimame hapo muda wote, maana lazima atatokea wa kutaka kuchungulia.