Picha za simu: mahali zilipopigwa pahifadhiwe au pasihifadhiwe?

Mzee wa Donholm: Picha ya simu hubeba maelezo yasiyoonekana, kwa utaratibu uitwao Exif uliobuniwa Japani miaka ya 1990: saa, aina ya kamera na, ukiwa umeruhusu, latitudo na longitudo ya mahali uliposimama. Ruhusa hiyo huombwa siku ile unapofungua kamera ya simu mpya, na kila mtu hubonyeza "Ruhusu" ili apate kuendelea. Kwa maoni yangu, hiyo si ridhaa iliyokusudiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na simu zingefaa kuuzwa zikiwa zimezimwa uwezo huo. Ukiwaondoa madalali wa ploti, sijui ni nani anayeuhitaji.

Dalali wa Kangundo Road: Mzee, heshima yako ipo, ila nilipofika kwenye madalali nilisimama. Mteja wangu aliye Marekani ataaminije kwamba bikoni, yaani jiwe la mpaka, niliyompigia picha iko kwenye ploti anayolipia, wala si ile nzuri iliyo kando ya lami ambayo matapeli humwonyesha kila mtu? Hufungua picha, akasoma mahali, akalinganisha na ramani. Mtu mwaminifu haogopi kujulikana alipo.

Mama Zawadi, Umoja: Mimi ni mwaminifu na ninaogopa. Nauza mitumba ya watoto kutoka nyumbani, na makabidhiano hufanyika stejini kwa sababu sitaki wageni mlangoni. Mteja mmoja aliomba nimtumie picha kama faili ili zisififie. Haikupita wiki akagonga geti, ilhali sikuwahi kumtajia hata mtaa. Huo uaminifu wako, kaka, umewahi kulala peke yake na watoto wawili?

Fundi wa Luthuli: Maelezo ya Mama yanawezekana kabisa. WhatsApp huipunguza picha ya kawaida na kuyaondoa maelezo hayo, lakini ikitumwa kama dokumenti hupita nzima. Kuna yule tajiri wa programu za kuzuia virusi, McAfee, aliyekamatwa Belize kwa sababu ya picha.

Wakili mstaafu: Belize ndiko alikotoroka kutoka, kwa kuwa polisi wa huko walitaka kumhoji kuhusu mauaji ya jirani yake. Picha iliyochapishwa na jarida la Vice mnamo Desemba 2012 ilionyesha kwamba yuko Guatemala, na huko ndiko alikokamatwa.

Fundi wa Luthuli: Ahsante, wakili, hoja yangu haijabadilika. Karibu na ikweta nyuzi moja ya latitudo au longitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya tano baada ya nukta ni takriban mita moja, na hapo geti halifichiki, ingawa katikati ya jiji mawimbi ya setilaiti hugonga maghorofa na simu ikakuweka barabara ya pili. Naye dalali ajue kwamba programu za bure hubadilisha namba hizo kwa dakika moja.

Dalali wa Kangundo Road: Sasa naitwa mghushi?

Fundi wa Luthuli: Sikukutaja. Nilisema zinabadilika.

Wakili mstaafu: Hata zisipobadilishwa, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hutaka cheti kwa rekodi ya kielektroniki, na mnunuzi wa ardhi hulindwa na sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, katika masjala na ramani ya mpima ardhi. Picha inathibitisha kwamba mtu alisimama shambani. Haithibitishi shamba ni la nani.

Mzee wa Donholm: Nilileta faragha, naona tumeshaanza kuuza mashamba.

Mama Zawadi, Umoja: Mwache dalali ajibu, Mzee. Hata nikizima leo, picha nilizokwisha kutuma nitazirudishaje?

Dalali wa Kangundo Road: Pole, mama, hilo sina jibu lake. Kwa watu wa nyumbani nakubali uwezo wa kuhifadhi mahali uzimwe. Kwa picha za ardhi ningependa uwe wa lazima. Fundi namwalika Jumamosi aje na kipimo chake mwenyewe, tukasome bikoni pamoja, na nauli nitailipa.

Fundi wa Luthuli: Nitakuja, lakini nitaandamana na mpima ardhi mwenye leseni, na ada yake uiongeze kwenye nauli.