Naanza kazi Medical Center mwezi ujao: nisaidieni kusoma mabango ya haiwei za Houston

Binti Mbagala

Wakuu habari za saa hizi, na shikamooni wakubwa wote. Naishi Alief, kusini-magharibi mwa Houston, na leseni ya Texas ninayo. Mpaka leo gari langu ni la sokoni, kanisani na shuleni kwa mtoto, zote barabara za mtaani. Mwezi ujao naanza kazi Texas Medical Center, lile eneo la hospitali, zamu ya asubuhi, na kila ninayemuuliza njia ananijibu "panda 59, shika 610", namba za haiwei tu, basi, kaishia hapo.

Dar nimeendesha miaka mingi, madaraja ya juu ya Kijazi pale Ubungo na Mfugale pale Tazara nilikuwa napita bila wasiwasi. Lakini hapa mabango yanakuja matatu matatu juu ya barabara, kila moja na mshale wake, magari yako maili 65 kwa saa, na wanaendesha kulia. Nikiwa abiria najaribu kuyasoma, sijamaliza la kwanza tumeshayapita yote. Naomba kujua: bango linasomwaje, nitajuaje kama leni yangu inatoka au inaendelea, na nikipitiliza nifanye nini? GPS ninayo, ila sitaki iwe macho yangu.

Mzee wa Katy

Marahaba binti. Bango lote halisomwi na mtu yeyote, hata sisi wa siku nyingi. Kabla hujawasha gari, shika mambo matatu kichwani: namba ya barabara, upande wa dira na mji. Miji ya Houston haibadiliki. I-10 (hiyo I ni Interstate, haiwei zinazounganisha majimbo) kwenda magharibi ni San Antonio, mashariki ni Beaumont. I-45 kaskazini ni Dallas, kusini ni Galveston. Hiyo 59 yako, ambayo siku hizi inabeba pia namba I-69, kusini ni Victoria na kaskazini ni Cleveland. Ni Cleveland ya hapa hapa Texas, siyo ile ya Ohio. Ukishajua mji wako, jicho linatafuta neno moja tu, mengine yote unayaacha yapite.

Watu watakutajia majina: Katy Freeway, Gulf Freeway, Southwest Freeway. Hiyo ya mwisho ndiyo 59 ya upande wenu. Majina hayo ni ya mazungumzo na redio. Kwenye mabango makubwa ya kijani tafuta namba.

Halafu juu ya bango kuna kibao kidogo chenye namba ya kutokea. Kikikaa kulia, unatokea kulia. Kikikaa kushoto, unatokea kushoto, na mara nyingi kitakuwa na neno LEFT kwenye njano. Namba zenyewe zinafuata maili. Za I-10 zinaanzia mpaka wa magharibi wa jimbo, ndiyo maana inapokutana na 610 ya magharibi unaona 763. Za I-45 zinaanzia Galveston, kwa hiyo katikati ya mji uko kwenye 47 na 48. Ukiona namba zinapanda wakati ulitarajia zishuke, umeshika upande usio wako.

Mwana Goma

Dada, mzee amesema vizuri. Mimi niongeze la leni, maana ndilo linalowatia watu hofu. Bango likiwa na kipande cha njano chini, maandishi meusi EXIT ONLY, leni iliyo chini ya mshale huo haiendelei. Ukibaki humo, utatoka upende usipende. Kama siyo kwako, hama mapema. Kama ndiyo kwako, tulia humo humo.

Na utazame chini pia. Mistari ya kawaida kati ya leni ni mirefu na imeachana. Leni inapokaribia kutoka, mistari inakuwa mifupi, minene na imekaribiana. Mvua ya Houston ikipiga mpaka bango halionekani, mistari hiyo bado inasema. Sehemu kadhaa wamechora na ngao zenye namba ya barabara kwenye lami yenyewe, leni kwa leni. Ukiiona ngao ya 610 mbele ya tairi lako, huna haja ya kuinua kichwa.

Kijana wa Sharpstown

Mnamtisha dada wa watu bure. Washa GPS, weka sauti, fuata. Mimi mabango hata siyaangalii.

Nesi wa Usiku

Mdogo wangu Sharpstown, ushauri huo sikubaliani nao hata kidogo. Hapa kuna barabara ya juu, ya chini yake na ya pembeni, zote zinakwenda upande mmoja. GPS inaweza kudhani uko pembeni wakati uko juu. Na sauti ikisema "toka sasa" huku umezungukwa na malori, ndipo mtu anapokata leni tatu kwa mkupuo. Nafanya kazi hospitalini, matokeo ya kukata leni nayaona.

Binti Mbagala, bango likisema maili 1, kwa mwendo wa maili 60 una dakika moja kamili. Nusu maili ni sekunde 30. Kwa hiyo hama kwenye bango la maili 1, usisubiri la nusu. Indiketa kwanza, sait mira, geuza shingo uangalie bega, ndipo uhame leni moja. Pumua. Halafu nyingine.

Wa Githurai

Pole dada, utazoea. Nijibu hilo la kupitiliza. Kwetu Thika Road ukipitwa na Roysambu unaenda kugeukia mbele huko Githurai, na hapa ni hivyo hivyo, tena rahisi zaidi. Toka kwenye njia inayofuata. Utashukia barabara ya pembeni, watu wa Houston wanaiita feeder, ni ya upande mmoja. Shika leni ya kushoto kabisa. Kwenye makutano mengi kuna njia ya kugeuka inayopita chini ya daraja kabla ya taa. Geuka hapo, utajikuta feeder ya upande wa pili, kisha panda tena haiwei.

Lile pembetatu lililochorwa mistari kati ya barabara na njia ya kutokea usilikate kabisa. Na usirudi nyuma hata hatua moja, hata kwenye bega la barabara. Sheria ya Texas inakataza, na anayekuja nyuma hawezi kusimama.

Kingine, ukishuka kutoka juu, walio kwenye feeder ndio wanaopaswa kukupisha wewe. Ndiyo sheria. Lakini wako wasiopisha, angalia kwanza.

Mama Zuwena

Mwanangu, mbona hakuna aliyekwambia Bellaire? Hiyo Bellaire Boulevard inayopita Alief, inyooshe tu kwenda mashariki. Mbele inabadilika jina inakuwa Holcombe na inakuingiza Medical Center yenyewe. Hupandi haiwei popote. Na basi la Metro namba 2 linapita humo humo. Hata gari likiharibika kazini unafika.

Binti Mbagala

Shikamoo mama, asante sana! Sikujua kama Bellaire ndiyo hiyo Holcombe. Na nyote nawashukuru. Swali moja bado: kuna bango la 610 limeandikwa South, na jingine mbele limeandikwa East. Ni barabara mbili?

Nesi wa Usiku

Ni moja. 610 inauzunguka mji, kwa hiyo jina la dira linabadilika kadiri inavyopinda. Kwako itakuwa hivi: 59 North, shika 610 South. Utapinda nayo mpaka mabango yageuke kuwa East, usishtuke, hujapotea. Tokea Fannin, kata kushoto, nyoosha kaskazini mpaka kwenye hospitali. Hapo angalia treni, maana inapita kwenye Fannin yenyewe.

Ushauri wa Mama Zuwena ni mzuri, wiki ya kwanza pita Bellaire. Ila taa zake ni nyingi na asubuhi kuna foleni, toka mapema. Haiwei ifanyie mazoezi Jumapili alfajiri, na umbebe mtu anayeijua akae pembeni akusomee mabango kwa sauti, wewe uendeshe tu. Safari ya pili wewe ndiye usome kwa sauti, yeye asikilize.

Mzee wa Katy

Na ikinyesha sana, usishuke kwenye feeder inayopita chini ya daraja. Maji hujaa huko kwanza. Kaa juu, tafuta njia ya kutokea iliyo mahali pa juu, au siku hiyo usitoke kabisa.

Binti Mbagala

Nimeelewa mzee. Wiki ya kwanza Bellaire, basi namba 2 kama akiba. Jumapili alfajiri nitakwenda na shemeji, yeye amepita 610 miaka yote. Nitaandika namba, dira na mji kwenye karatasi kabla ya kutoka: 59 North, 610 South kisha East, Fannin.