Nyumba ya mirathi Mbagala: dalali wa mtaani, kampuni, au tuuze wenyewe?

BintiMbagala
Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Naomba ushauri wa waliowahi kuuza nyumba wenyewe.

Marehemu baba ametuachia nyumba Mbagala Kuu, vyumba vinne, ina hati. Tuko watoto watano, mmoja yuko Muscat. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, barua za mahakama tumezipata mwezi uliopita, na mama ameridhia tuuze tugawane.

Dalali wa mtaani kwetu, mzee tunayemheshimu, ana mteja wa milioni 78 na anataka asilimia 10. Kampuni moja ya mjini inataka asilimia 5 na inasema nyumba inafika milioni 95, ila tusaini mkataba wa miezi sita ambao haumruhusu mtu mwingine yeyote kuiuza. Mdogo wangu anasema tupige picha tuweke mtandaoni, tusimpe mtu hata shilingi.

Ukutani bado kuna maandishi ya baba ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyaandika mwaka ule matapeli walipoleta mteja yeye akiwa kazini. Naumia nikifikiri tupigwe kwa kitu alichokilinda vile.

DalaliYombo
Poleni na msiba, dada. Mimi ni dalali, huu mwaka wa 14, na nitasema kweli hata wenzangu wakikasirika.

Asilimia 10 ni mazoea tu, hakuna sheria inayoitaja. Kwenye nyumba ya bei hiyo wengi wetu tunakubali 5, hata chini ya hapo, mkikaa mkazungumza. Mara nyingi dalali anashikilia 10 kwa sababu hayuko peke yake. Mwenye mteja ni mwingine, aliyemleta huyo ni mwingine, na wote wanasubiri kula hapo hapo.

Lakini asilimia mnaiona. Ogopeni cha juu. Mkisema "sisi tunataka 78 mkononi", mteja anaweza kuwa ametajiwa 88, na hiyo milioni 10 hamtaijua milele. Dawa yake ni kukutana na mteja ana kwa ana, mbele ya dalali, na bei itajwe kwa sauti. Akianza visingizio, mteja yuko safarini, mteja hapendi watu, mshukuruni muachane naye. Na mkikubaliana asilimia, iandikwe kwenye karatasi: ni ya bei ipi, analipa nani, na analipwa lini. Ilipwe baada ya pesa yenu kuingia benki.

Mama_Wawili_Kibaha
Hiyo milioni 95 ya kampuni iangalieni kwa macho mawili. Sisi tulitajiwa bei kubwa tukafurahi, tukasaini kuuza kupitia wao tu. Mwezi wa kwanza wateja wawili, wa pili hakuna, wa nne wakatuambia soko limeshuka tupunguze. Mwishowe tuliuza chini ya bei aliyotupa jirani mwanzoni, na yule jirani alishanunua kwingine.

Sisemi kampuni zote ziko hivyo. Mkitaka kwenda nao, kataeni miezi sita, wapeni miwili, na muandike kwamba mkileta mnunuzi wenu hawana chao. Na bei msiulize mtu atakayelipwa kwa kuuza. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, mlipeni, mjue nyumba inasimama wapi. Huko kwenye uhamisho uthamini utahitajika tu.

WakiliTemeke
Naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu naona mnajadili nani auze wakati bado hati haijakaa sawa. Barua za usimamizi peke yake hazitoshi. Msimamizi anatakiwa kwanza aandikishwe kwenye hati, kwa Msajili wa Hati, jina lake likae kama msimamizi wa mirathi. Mnunuzi makini akifanya upekuzi wa hati kwa Msajili akakuta bado jina la marehemu, atasita, au atatumia hilo kuwashusha bei. Lipeni pia kodi ya pango la ardhi kama kuna miaka inadaiwa.

Kisha pigeni hesabu ya kodi mapema. Muuzaji mkazi analipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Nyumba ya zamani kama hiyo, ambayo risiti za ujenzi hakuna, inatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, inayozidi ndiyo inayochukuliwa. Kwa milioni 78 ni 2,340,000. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi, lakini andikeni kwenye mkataba.

Pesa zote zipite kwenye akaunti ya mirathi. Dalali asishike hata ya kishika uchumba.

Mtanga_Muscat
Hapo kwenye kushika pesa nina kidonda. Niliuza kiwanja Kibaha nikiwa huku. Dalali alipokea malipo ya kwanza kwa niaba yangu, "nitakutumia kesho". Nilipoteza milioni sita, na ndugu wakagombana kwa sababu yake. Huyo ndugu yenu aliye huku atoe ridhaa yake kwa maandishi na aithibitishe ubalozini, asiishie kwenye ujumbe wa sauti. Baada ya miaka mitatu hakuna atakayekumbuka nani alisema nini.

Kamau_Nakuru
Huku Kenya kuna bodi ya kusajili maajenti wa nyumba na ardhi, na ajenti asiyesajiliwa anafanya biashara kinyume cha sheria. Bado mabroka ni wengi. Ninachofanya mimi, broka anitafutie, lakini stakabadhi anakagua wakili niliyemchagua mwenyewe, hata siku moja si yule aliyeletwa na broka.

Juma_Chanika
Kuuza wenyewe inawezekana, mimi niliuza hivyo. Ila jiandaeni: wapigaji simu kila saa, wengi ni madalali wanaojifanya wateja, na wageni wanaingia mpaka vyumbani. Mtaani pia niliambiwa nitoe asilimia 10 ofisini ndipo wagonge muhuri.

WakiliTemeke
Juma, hiyo 10 ya ofisi ya mtaa ombeni waonyeshe imeandikwa wapi, na ombeni risiti. Serikali ya mtaa si mwenye ardhi. Nyumba yenye hati inahamishwa kwa Msajili. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuthibitisha kuwa anawafahamu wauzaji, basi.

BintiMbagala
Nimesoma yote na mama nimemsomea. Tumeamua hivi: mthamini kwanza, na kaka anaanza kuandikishwa kwenye hati wiki ijayo. Yule mzee tutamwita nyumbani, kwa heshima yake, tumwambie asilimia 4 kwa maandishi na tuonane na mteja wake uso kwa uso. Kampuni tumeiacha. Kama mteja wa mzee hafiki bei ya mthamini, tutaweka mtandaoni kwa namba ya kaka peke yake.

Mdogo wangu anataka kesho apake rangi ukuta afute yale maandishi ya baba, ili wateja wasiogope.

DalaliYombo
Msifute, dada. Nyumba ikijulikana ni ya mirathi na ukuta uko mtupu, kuna watu wataanza kuionyesha bila ninyi kujua. Mteja wa kweli mtampeleka wenyewe na atawaelewa. Yaacheni hadi siku benki itakapowaambia pesa imeingia.