Naomba ushauri: mbwa wangu mdogo anahisiwa ana ugonjwa wa ini

Wakuu, habari za leo. Nipo Ujiji, Kigoma. Mbwa wangu, kilo tano tu, kanyong'onyea, anatapika povu, na ukimfunua mdomo fizi ni manjano kama bizari. Mkojo nao umekolea. Daktari wa mifugo anahisi ini, ila kasema homa ya kupe nayo huleta manjano hayohayo, damu ipimwe kwanza. Kipimo cha ini hapa sijakipata, na SUA Morogoro (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye hospitali ya wanyama) ni mbali mno kwa mgonjwa huyu. Kuna aliyewahi kutuma sampuli ya damu? Inatunzwaje njiani?

Chakula je? Dagaa wa chumvi nimesimamisha, nampa wali laini na yai kidogo kidogo. Jirani kang'ang'ania nimpe panado. Nimegoma, hiyo ndiyo inamaliza ini kabisa.