Mjadala: Je, serikali igharimie elimu nje ya mfumo rasmi, au ni njia ya kukwepa kuajiri walimu?

Ndugu wachangiaji, kila bajeti ya elimu inapojadiliwa nchini Tanzania huzuka hoja mbili ambazo naona zinastahili kuchambuliwa kwa utulivu. Wapo wanaosema kwamba kila shilingi inayopelekwa kwenye vishikwambi, vipindi vya redio na madarasa ya jioni inapunguza fungu la ajira za walimu, na kwamba elimu nje ya mfumo rasmi imekuwa kichaka cha serikali kujifichia. Wengine wanajibu kuwa mtoto anayeshinda na ng'ombe porini huko Kilindi hawezi kuambiwa asubiri ajira mpya zitangazwe. Msimamo wangu ni kwamba elimu hii igharimiwe, tena kwa fungu la kudumu, ila kwa masharti mawili: fedha zianze kumlipa mtu anayemsimamia mwanafunzi kabla ya kununua kifaa chochote, na mwanafunzi awe na njia inayotambuliwa ya kurudi shuleni au kupata cheti. Masharti hayo yakikosekana, nitaungana na wanaopinga.

Ushahidi ulio karibu nasi ni jaribio la mkoa wa Tanga, ambalo wengi hulitaja bila kuyasoma matokeo yake hadi mwisho. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15 la kutengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Programu tano zilizofika fainali ziliwekwa kwa Kiswahili kwenye vishikwambi vilivyotolewa na Google, kisha UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania wakashirikiana kuvifikisha kwa watoto karibu 3,000 wa vijijini. Kwa maelezo ya waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo lisiloweza kusoma neno lilipungua kwa nusu, na Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi kuu ya dola milioni 10.

Matokeo hayo yanatosha kumjibu anayedai kwamba mtoto hawezi kujifunza lolote bila kukaa darasani. Wakati huohuo tuihesabu na nusu ya pili: baada ya mwaka mzima na zaidi, zaidi ya watoto wanne katika kila kumi walikuwa bado hawawezi kusoma neno moja la lugha inayozungumzwa kila siku mkoani mwao. Tena vishikwambi hivyo havikuachwa vijijini kama mvua ya bahati. Kulikuwa na vituo vya kuchajia kwa umemejua, na kulikuwa na wanakijiji waliokabidhiwa kazi ya kuvitunza. Anayeyataja matokeo ya Tanga kama hoja ya kupunguza watu ameusahau mkono uliokuwa ukichaji kifaa.

Peru walijaribu kinyume chake, kwa kugawa kompyuta mpakato ndogo kwa wanafunzi wa shule za msingi vijijini kwa wingi mkubwa. Watafiti waliofuatilia shule 319, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, hawakuona tofauti yoyote katika alama za hisabati na lugha kati ya waliopata na waliokosa. Vifaa vilifika, lakini havikuwa na masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua kulingana na mahali alipo mtoto, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha kuvitumia. Nchini Malawi, programu ya onebillion ileile iliyoshinda Tanga ipo pia kwa Kichewa na inatumika ndani ya shule za msingi za serikali, chini ya usimamizi wa mwalimu. Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba ukuta tunaougombea, wa ndani na nje ya darasa, hauna uzito tunaoupa.

Sisi wenyewe tunayo historia ambayo nasikitika kuona haitajwi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, maelfu ya viongozi wa vikundi walikuwa wamefunzwa. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza redio, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha wanakikundi wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Redio ilikuwa moja kwa kikundi kizima. Gharama kubwa ya maandalizi iliwekwa kwa watu, na ndiyo sababu kampeni ilifika mahali ambapo hapakuwa na shule wala zahanati.

Tuje kwenye MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ulioanza kwa majaribio miaka ya 1990 mwishoni kwa ajili ya watoto wa miaka 11 hadi 18. Darasa la namna hii nimelishuhudia mwenyewe. Lilianza saa nane mchana, wanafunzi wa kawaida walipokwisha kuondoka. Mvulana mwenye kimo cha baba mtu alijikunja kwenye dawati la darasa la pili, magoti yakigusa ubao wa chini, akifuatisha silabi kwa kidole. Msichana mmoja aliingia na ndoo ya karanga alizokuwa akiuza, akaiweka kando ya miguu yake, akafungua daftari. Mwezeshaji, kijana wa kidato cha nne, aliliita kila jina kutoka kwenye daftari lake kubwa na kumuuliza aliyekosa jana alikuwa wapi. Posho yake ilikuwa haijalipwa kwa miezi kadhaa. Alipoondoka kutafuta riziki, darasa lilikufa, na wale watoto hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Jengo lilikuwepo na mtaala ulikuwepo; kilichokosekana ni kiasi cha fedha ambacho halmashauri nyingi hutumia kwa vikao vichache.

Sasa nifikie hoja nzito zaidi ya wapinzani, ambayo naikubali kwa sehemu kubwa. Kwa miaka kadhaa wasichana waliopata ujauzito walikatazwa kurudi katika shule za serikali, na jibu lililotolewa kwao lilikuwa kwamba upo mfumo mbadala. Kwa msichana wa kijijini, mfumo huo mara nyingi ulimaanisha kituo cha mbali chenye ada. Hapo elimu nje ya mfumo rasmi ilitumika kuhalalisha kufukuzwa. Novemba 2021 serikali iliondoa katazo hilo, na leo msichana anaweza kurudi shuleni au kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kisheria hali imebadilika, na nawapongeza waliopigania. Hata hivyo, uchungu wa miaka ile unatufundisha kulipima kila pendekezo kwa swali hili: mwanafunzi amechagua njia hii, au amesukumwa huko ili takwimu za shule zipendeze?

Kwa hiyo sikubali kwamba tuajiri walimu kwanza ndipo tuwafikirie walio nje. Mtoto aliyefikisha miaka 13 bila kujua kusoma, hata ukimjengea darasa jipya kesho, hatakubali kuketi na wenye miaka saba. Wala sikubali kwamba vishikwambi vimalize tatizo la uhaba wa walimu. Naomba wenye uzoefu wachangie hasa katika mambo haya: posho ya mwezeshaji iingizwe kwenye mishahara ya serikali kuu au ibaki kwa halmashauri, ambako imeshindwa? Na waliowahi kufundisha MEMKWA, ni wangapi kati ya wanafunzi wenu waliofanikiwa kuingia darasa la tano la shule ya kawaida, na walipofika huko walipokelewaje?