Safaya za Songea zina zambarau, naomba nyuzi joto za kuchomea

Kokoto77: Wakuu, nina vito vya safaya za Songea, rangi ya waridi yenye zambarau iliyofifia. Nataka rangi ya chungwa. Tanuri ni la umeme. Nyuzi ngapi, saa ngapi? Mteja ananisumbua.

FundiTanuri: Waridi inaletwa na kromi iliyomo ndani ya jiwe. Zambarau inaletwa na bluu juu yake: chuma na titani zimekaa jirani, elektroni inaruka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye titani. Choma nyuzi 900 hadi 1,000 penye hewa ya kutosha, chuma kitapoteza elektroni hiyo na bluu itapungua. Jiwe lenye ufa au punje ya madini mengine ndani liweke pembeni, punje ikitanuka inalipasua. Panda taratibu, yapoe humohumo. Boraksi usitie, inayeyuka na kujaza nyufa. Utapata waridi safi. Chungwa hupati.

Merelani_Juu: Bora tanzanaiti, nyuzi 500 hivi kahawia imeondoka.

BiVito: Mteja anajua yanachomwa? Andika kwenye risiti.

Kokoto77: Soko zima linachoma, dada.

FundiTanuri: Kwenye chungu kuna nini zaidi ya mawe?

Kokoto77: Unga wa alumina (alumini na oksijeni, kama safaya yenyewe)... na krisoberili, jiwe lingine, ya kusaga, kidogo. Nimeshachanganya. Mzigo ni wangu, hasara ni yangu.

MzeeFuwele: Hiyo krisoberili ina berili, yaani elementi ya beriliamu. Safaya za Songea zilizotiwa berili Thailand ni kati ya zilizotikisa soko mwaka 2002. Berili ina chaji +2; ikikaa mahali pa alumini yenye +3, fuwele hufidia pengo kwa tundu la elektroni (nafasi iliyokosa elektroni), na tundu hilo linaleta njano. Njano juu ya waridi ndiyo chungwa yako. Sehemu chache kwa milioni zinatosha.

Mchenjuaji: Hii chai. Berili kuingia kwenye jiwe inataka nyuzi karibu 1,800, saa nyingi. Waya za tanuri la kawaida la umeme zitakatika kabla.

Kokoto77: Si chai mkuu. La umeme ni la majaribio. Nafasi kwenye tanuri la gesi nimeshalipia, siwezi kurudi nyuma.

Mchenjuaji: Ungesema mwanzo.

MzeeFuwele: Vumbi la berili linaharibu mapafu, na pafu lililoharibika halina tiba ya kulirudisha. Chungu kifunike, usisage tena, usifagie pakavu. Futa kwa kitambaa chenye maji, barakoa ya chembe ndogo usoni. Mwenye tanuri naye aambiwe, wenzake wanavuta hewa hiyohiyo. Maabara huipima berili kwa leza, kwa hiyo cheti cha "halijachomwa" usikiwaze.

BiVito: Na mteja?

Kokoto77: Nitamwambia yamechomwa.

BiVito: Mwambie na berili.